Pointi Isiyo na Jina

Jua lilikuwa limeangukia upande wa Njoro wakati Kimeli alipotoka kununua uji. Uji tu. Mke wake Chepchirchir hakuwa ametia kitu tumboni tangu asubuhi, na uji wa wimbi wa yule mathe, mama wa kibandani nje ya geti ndio pekee aliokuwa akiumeza bila kubembelezwa. Kimeli alijaza thamosi, akafunga kifuniko, akageuka kurudi hospitalini. Hapo akamwona mama yake.

Alikuwa ameketi kwenye benchi la soja wa geti pamoja na shangazi wawili waliotoka Molo, shuka zimewafunika mpaka masikioni. Hospitali ile ndogo ya uzazi, pale upande wa Lanet, ilikuwa na sheria isiyopindika. Katika chumba cha watoto njiti huingia mama wa mtoto, baba kwa muda mfupi, na wauguzi. Nyanya na shangazi wangojee nyumbani. Hawa watatu wakaamua kungojea getini, na soja alikuwa ameshachoka kuwafukuza.

"Mama, hamjala," Kimeli alisema.

"Kwani tulikuja kula?" Mama yake alimshika mkono, akapunguza sauti. "Mtoto bado hajaitwa, Kimeli. Anapumua vibaya kwa sababu hajui yeye ni nani."

Kwao, mtoto akizaliwa, kina mama humzunguka na kutaja majina ya watu wa ukoo waliokufa, moja baada ya jingine, mpaka apige chafya. Jina atakalolipigia chafya, huyo ndiye aliyerudi. Binti wa Kimeli alikuja duniani kabla ya wakati wake, mdogo wa kutosha kulala kwenye viganja viwili, akaingizwa moja kwa moja kwenye sanduku la kioo. Hakuna aliyemtajia jina lolote.

"Ako na mrija kwa pua," Kimeli alisema. "Hata akipiga chafya, mtajuaje ni ya jina na si ya mrija?"

Alitaka kumchekesha. Mama yake hakucheka. Kimeli mwenyewe hakuwa na kicheko ndani. Alikuwa na hofu tangu siku ile ya uchungu wa mkewe.

Taa za hospitali zikafifia. Zikarudi.

Kisha king'ora cha moto kikalia.

Kimeli alikimbia na thamosi yake mkononi. Mfumo ule wa king'ora aliufunga yeye mwenyewe. Alikuwa bado anaumalizia, uchungu wa mkewe ukaja ghafla, na mwenye hospitali akamwambia amlete hapo hapo. Kwa hiyo hakuna mtu mle ndani aliyeijua paneli ile kumshinda, na wote walipomwona akiingia walimpisha njia.

Paneli ilikuwa ukutani kwenye korido, mkabala na dirisha kubwa la chumba cha watoto. Kazi yake ni kusikiliza. Kila inachokisikiliza, iwe ni swichi ya bomba la maji, kisanduku cha kuvunja kioo au presha ya oksijeni, mafundi hukiita pointi. Kila pointi ina namba, na fundi sharti aifundishe paneli: namba hii ni kitu gani, ikiita ni moto au ni onyo tu, na jina lake ni nani. Bila jina, paneli haikubali kuhifadhi. Na pointi ikijibu bila kufundishwa, paneli huichukua kama hatari. Inangoja kidogo, halafu inalia.

Kimeli alikuwa amefunga pointi sitini. Kioo cha paneli kilionyesha sitini na moja. Mahali pa jina palikuwa tupu.

Nyuma yake wauguzi walikuwa wakiwatoa watoto. King'ora kikilia, paneli huifunga oksijeni ya ukutani ili isilishe moto. Kimeli ndiye aliyeipanga hivyo, na kwa hesabu za kazi alifanya vizuri. Sasa binti yake alikuwa kwenye veranda, katika baridi ya Julai, kifuani mwa mama yake, akisaidiwa na mtungi mmoja mdogo wa oksijeni.

Karibu nao alisimama Wangui, mama wa yule mtoto wa kiume wa kitanda cha jirani. Wangui alikuwa mwenyeji wa upande wa Bahati, mcheshi, mwenye sauti ya sokoni. Mtoto wake alikuwa ameshanona, na kesho yake asubuhi walikuwa waende nyumbani. Alivua shali yake akamzungushia Chepchirchir mabegani.

"Funika huyo kadogo," alisema. "Wangu ako na mafuta ya kutosha, kama babake."

Chepchirchir alitabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo. Kimeli aliliona tabasamu lile kupitia mlango, akamshukuru Wangui kimoyomoyo.

Alinyamazisha king'ora. Hapakuwa na moto. Watoto wakarudishwa. Yeye akachukua ngazi, akasukuma ubao wa dari na kuingiza kichwa, tochi mdomoni.

Waya wa ziada ulikuwepo. Mwekundu kama waya zake zote, umepita sambamba na zake, umefungwa kwa vibanio kama vyake. Lakini yeye hakuufunga. Alipanda mle darini, akaufuata kwa magoti juu ya mbao, polepole, mpaka ukafika mwisho. Uliishia juu ya chumba cha watoto. Juu ya kitanda cha binti yake, sawasawa.

Ncha mbili za shaba zilikuwa zinaning'inia. Hazikushika swichi. Hazikushika kitu.

Waya usioshika kitu haujibu. Fundi wa siku ya kwanza anajua hilo.

Ndipo ikamjia harufu. Kwanza nyasi, nyasi kavu za paa la zamani zilizoungua. Kisha nywele. Na chini ya hizo, kwa mbali, harufu ya kibuyu cha mursik, maziwa lala, kilichosuguliwa kwa mkaa, ile harufu ya jikoni kwa nyanya yake ambayo siku zote ilimfanya ahisi yuko salama. Haikumfanya ahisi salama.

Mle gizani, upande wa kushoto, mtu alivuta pumzi.

Kimeli hakugeuza tochi. Aliukata waya kwa koleo, akarudi kinyumenyume, akashuka akiwa na jasho mpaka kwenye soksi. Alikwenda moja kwa moja kwenye paneli.

Sitini na moja. Bado inajibu.

King'ora kikalia mara ya pili.

Safari hii watoto waliporudishwa ndani, midomo ya binti yake ilikuwa imebadilika rangi. Sister Jackie, muuguzi wa zamu, alitoka na kumvuta Kimeli pembeni. Alikuwa mwanamke asiyependa maneno mengi.

"Mtungi wa kubeba umeisha," alinong'ona. "Nimeagiza mwingine kutoka mjini, sijui utafika saa ngapi. Hiyo kitu yako ikilia tena, oksijeni ya ukuta inajifunga, na huyu wako hana ingine. Umenielewa, baba?"

Alielewa. Ikilia mara moja tu, binti yake anakufa.

Maji yalikuwa yamemfika shingoni, na mfa maji hukamata maji. Alifungua kifuniko cha paneli, akaingia mahali pa kufundishia. Aliandika "AKIBA", akabonyeza kuhifadhi. Herufi zikafutika moja moja, kutoka nyuma kuja mbele. Akaandika "DARI". Zikafutika. Akaamuru pointi izimwe. Ikakataa. Akachomoa waya wa king'ora. Akachomoa waya wa valvu ya oksijeni. Akakata umeme wa paneli. Mwisho akang'oa betri zote mbili, akaziweka sakafuni.

Kioo kikawa cheusi. Korido ikanyamaza. Kimeli akaegemea ukuta na kufumba macho.

Piip...

Akafumbua.

Kwenye kioo kisicho na umeme palikuwa na mstari mmoja. Sitini na moja, halafu nafasi tupu, na alama ndogo ya kuandikia ikiwaka na kuzimika, ikingoja. Juu ya mlango wa watoto, valvu iliyokuwa haina waya ilitoa mlio mdogo wa chuma. Ilikuwa inaanza kujifunga.

"Inakuuliza jina," mtu alisema nyuma yake.

Alikuwa mama yake. King'ora kilipolia milango yote ilijifungua, na katika ile pilkapilka alipita na shuka lake bila kuulizwa na mtu. Shangazi walibaki nje. Alikuwa ananusa hewa, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeikuta harufu anayoijua mahali asipotaka kuikuta.

"Mama, hii ni mashine."

"Na ile harufu ni ya mashine?"

Kimeli alitazama kupitia dirishani. Chepchirchir alikuwa ameinama juu ya sanduku la kioo, mikono miwili imepita kwenye matundu yake, na mabega yake yalikuwa yanatikisika. Jackie alikuwa anatazama namba za hewa ya mtoto kwenye skrini ndogo, na kila mara akitingisha kichwa. Namba zilikuwa zinashuka.

"Taja," Kimeli alisema. Sauti yake haikuwa yake.

Mama akasogea mpaka bega lake likagusa la mwanawe. Akaanza kunong'ona, kama wanavyofanya kina mama kwenye kibanda chenye mtoto mchanga. "Kobilo, mama ya babu yako."

Akaandika Kobilo. Herufi zikafutika.

"Tapsubei."

Zikafutika.

"Kiptalam. Kimoso, yule aliyekufa vitani."

Valvu ikalia tena. Jina baada ya jina, waliokufa kwa uzee, kwa vita vya wizi wa ng'ombe, kwa homa. Upande wa baba, kisha upande wa mama. Vidole vya Kimeli vilikuwa vinateleza kwa jasho. Paneli ilikuwa inameza kila jina na kurudi kungoja. Sister Jackie alifungua mlango kidogo, akatazama betri sakafuni, akatazama taa ya paneli, akafunga mlango bila kuuliza.

Mama akaishia hapo.

"Endelea."

"Wamekwisha."

"Hawajakwisha," Kimeli alisema. "Kuna mmoja mnamruka. Babu alikuwa na dada. Babu mwenyewe alimwita sana kwa jina wakati anakufa, mimi nilikuwa kwa mlango nikasikia."

Mama yake alimtazama kama mtu aliyepigwa kofi. "Huyo haitwi."

"Kwa nini?"

Alijibu haraka haraka, macho yakiwa kwenye ile alama inayowaka na kuzimika. "Alikuwa mkunga. Mtoto aliyewashinda wakunga wote, ukimpelekea, anapumua. Lakini kabla hakujakucha, mtoto mwingine pale kijijini anakata pumzi. Mara ya kwanza watu walisema ni mapenzi ya Mungu. Baadaye wakaacha kusema hivyo. Wakamfungia mlango kwa nje, wakawasha nyumba."

"Ni kweli alikuwa mchawi?"

"Mimi niliolewa nikakuta majivu. Kitu nilifunzwa ni kuruka jina."

Ndani ya chumba, Chepchirchir alipiga kioo cha dirisha kwa kiganja. Mara moja. Hakupiga kelele. Alikuwa anamtazama mumewe tu, na Kimeli hakuwahi kuona macho ya namna ile kwa mtu aliye hai.

Mama yake alimkamata kifundo cha mkono. "Kimeli. Kwa jina la Yesu."

Akauondoa mkono wake taratibu, kwa adabu, kama mtu anavyoondoa mkono wa mama. Akaandika.

T... A... P...

Harufu ya nyasi zilizoungua ilijaa korido.

Tapkigen.

Akabonyeza kuhifadhi. Alingoja zifutike.

Hazikufutika.

Taa nyekundu ikazimika. Ya manjano ikazimika. Ikawaka ya kijani, shwari, na valvu ikafunguka kwa mlio laini. Kisha, kutoka ndani ya sanduku la kioo, ikasikika chafya. Ndogo mno. Chafya ya paka. Lakini Kimeli na mama yake waliisikia kupitia kioo na mlango uliofungwa.

Sister Jackie aliinama kwenye skrini yake, akaigonga kwa kidole, akainama tena. Namba zilikuwa zinapanda. Chepchirchir akashuka sakafuni, akapiga magoti, akaanza kuomba kwa sauti huku akilia. Kimeli naye alilia, paji la uso kwenye dirisha, bila kujali nani anaona. Binti yake alikuwa mwekundu. Mwekundu kabisa, kama watoto wa watu wengine. Alikuwa amefungua mkono mmoja na kuukunja, akaufungua tena, na kwa dakika zile chache Kimeli alikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote Nakuru.

Mtoto akipiga chafya, kina mama hupiga vigelegele. Mama yake alikuwa amejifunika shuka mdomoni.

"Njoo umwone," Kimeli alimwambia.

"Nimemwona." Alikuwa anarudi nyuma, mgongo kwa mlango. "Usimruhusu aangalie watoto wa watu." Akatoka. Kimeli alisikia ndara zake zikiharakisha kuelekea getini, yeye ambaye magoti yalimkataza kuharakisha.

Akajitia shughuli. Alirudisha waya mahali pake, akarudisha betri, akawasha umeme. Haikuleta tofauti yoyote. Paneli iliendelea kuwaka kijani kama ilivyokuwa ikiwaka bila umeme. Akajaribu kujishawishi kwamba kuna maelezo. Labda kuna chaji iliyobaki. Labda mtoto alikuwa apone tu, jina au hakuna jina. Binadamu akipewa alichoomba hachelewi kusahau alimwomba nani.

Halafu akaona kichwa cha binti yake kimegeuka.

Mtoto wa umri ule hawezi kugeuza shingo. Lakini alikuwa ameigeuza, na macho yake yalikuwa wazi, na yalikuwa yanatazama kitanda cha jirani. Kimeli akakumbuka maneno ya mama yake.

"Sister," Wangui aliita. "Sister, kuja hapa."

Sauti ya sokoni haikuwepo. Jackie alivuka chumba kwa hatua mbili. Kimeli alimwona akimgeuza yule kijana mnono, akimsugua mgongo, akimpiga nyayo. "Huyu si alikuwa sawa?" Jackie alisema, si kwa mtu yeyote. "Nimempima saa hii. Alikuwa sawa." Akavuta mrija wa oksijeni. Akaupachika. Namba za kijana zilikuwa zinashuka, taratibu, bila haraka. Namba za binti yake zilikuwa zinapanda vivyo hivyo.

Kimeli hakuwa mjinga. Alielewa kabla hajataka kuelewa.

Alirudi kwenye paneli, akafungua mahali pa kufundishia, akaishukia sitini na moja. Jina lilikuwepo. Chini yake palikuwa na swali ambalo mashine huuliza kila mara: futa, ndiyo au hapana? Kidole chake kilikuwa juu ya ndiyo. Alimfikiria Wangui akivua shali. Alimfikiria yule mtoto, nguo zake za kwendea nyumbani zimekunjwa tayari kwenye mfuko. Akabonyeza nusu, kile kitufe kikaanza kushuka, na nyuma ya kioo binti yake akakohoa na kukata pumzi.

Akaachia. Mtoto akapumua tena.

Mlango ulifunguka. Chepchirchir alitoka akajisimamisha kwa kushika ukuta. Shali ya Wangui ilikuwa bado mabegani mwake. Alilitazama jina kwenye kioo. Yeye pia alikuwa ameolewa katika ukoo ule, naye pia alikuwa amefundishwa majina na amefundishwa kimya kati ya majina.

"Ukifuta, itakuwaje?" aliuliza kwa kunong'ona.

"Sijui."

"Unajua, Kimeli."

"Na nisipofuta, Chep? Huyo wa Wangui..."

Chepchirchir aliutwaa mkono wa mumewe kutoka kwenye kitufe, akaushika kwa mikono yake miwili, akaukaza. Hakusema fanya wala usifanye. Aliukaza tu, mpaka kucha zikamwingia Kimeli kwenye ngozi, na Kimeli, ambaye alikuwa na nguvu mara mbili ya zake, hakuuvuta.

Hapo Wangui akatoka chumbani. Jackie alikuwa amemsukuma nje ili apate nafasi ya kufanya kazi. Alisimama katikati ya korido, kifua kimelowa maziwa, akitazama huku na huku kama mtu aliyeshushwa kwenye steji ya matatu asiyoijua. Macho yake yakatua kwa Kimeli, yakatua kwa paneli.

"Baba Kadogo," alisema. "Si wewe ndio fundi? Mtoto wangu alikuwa sawa. Pengine ni hewa, pengine kuna kitu imeharibika huko ndani. Hiyo mashine inasema aje?"

Chepchirchir aliinamisha uso. Kimeli alifunga kifuniko cha paneli, akazungusha ufunguo, akautia mfukoni.

"Inasema kila kitu iko sawa," alimjibu.